Sifa Nilizopungukiwa

Mama mkubwa alilijaza begi langu la safari maharage ya mbegu. Hakuniomba ruhusa. Nilirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, nikakuta begi langu la bluu, lile lililonifuata Dumila, Gairo, Kilosa na mpaka Singida, limesimama wima pembeni ya kitanda chake kama mgeni aliyeshiba. Nikafungua zipu. Maharage. Mifuko ya pembeni, maharage. Hata kile kimfuko kidogo ninachowekea mswaki na dawa ya meno, maharage.

"Mama, begi langu limefanya nini?"

"Panya," alisema bila kugeuka. "Viroba wanavitoboa. Begi lako gumu."

Sidhani kama panya wa Matombo wamewahi kusingiziwa kama siku ile. Sababu tuliijua wote wawili. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nina miaka arobaini na kitu, na katika miaka hiyo nimeuza nyanya na vitunguu Dumila, pale basi likipunguza mwendo unakimbia nalo sambamba huku umeshika ndoo juu na chenji mdomoni. Nimepepeta karanga Gairo. Nimefagia gesti, nimepika kwenye migahawa ya madereva, nimekuwa karani wa ghala la mahindi ambalo mwenye ghala mwenyewe alikuwa haelewi limejaa au limepungua. Na ugonjwa wangu si kuondoka tu, ni kuondoka na kukumbuka. Nikiwa Gairo ninaota ukungu wa Uluguru na harufu ya mdalasini ukianikwa kwenye mkeka. Nikirudi Matombo, kabla harufu hiyo haijaniingia vizuri puani, nimeshaanza kuutamani upepo mkavu wa Gairo. Ndugu zangu walikuwa hawaniulizi habari za siku nyingi. Walikuwa wananiuliza, "Unaondoka lini?" halafu ndiyo wananipa kigoda.

Safari hii nilikuwa nimerudi kwa sababu ya mguu. Mama mkubwa, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, alijikata na jembe kwenye muundi akilima huko mteremkoni, kidonda kikakataa kupona. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mama mkubwa ndiye mama niliyebakiwa naye. Nikaja kumuuguza. Kila baada ya siku moja nilimshusha mpaka zahanati kusafisha kidonda, mpaka nesi wa pale, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akachoka kutuona tukihangaika na njia ya matope. Akanifundisha kukisafisha na kukifunga mwenyewe nyumbani. Siku aliyokuja kukagua kazi yangu aliinama, akaangalia bandeji, akaniangalia mimi.

"Mikono yako haina haraka," alisema.

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Watu wote walionijua walikuwa wanazungumzia miguu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba kuna sehemu ya mwili wangu isiyo na haraka.

"Kwa nini usisomee uuguzi?" aliniuliza baadaye. "Kidato cha nne si ulimaliza?"

Nilimaliza. Basi nikashuka Morogoro mjini na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, mpaka kwenye chuo kimoja cha uuguzi, ofisi ya udahili. Msajili alikuwa mwanaume wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Alikichukua cheti akakisoma polepole kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Baiolojia unayo. Kiswahili unacho, tena kizuri. Historia. Jiografia. Kemia iko wapi?"

"Sikusoma."

"Fizikia?"

"Nayo sikusoma."

"Sasa kidato cha tatu na cha nne ulikuwa wapi, dada yangu?"

Jibu la kweli lilikuwa: dirishani. Tulipoingia kidato cha tatu tuliambiwa tuchague, sayansi au sanaa. Darasa la sayansi lilitazama ukuta wa choo cha walimu. Darasa la sanaa lilikuwa na dirisha linalotazama barabara kuu, unaona mabasi ya Dodoma yakipita na watu wameegemeza vichwa kwenye vioo. Mimi nilichagua dirisha. Ila jibu hilo sikumpa, nilicheka tu.

"Huna sifa," alisema, akanirudishia cheti kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Sifa za kujiunga ni ufaulu wa masomo manne, na humo lazima iwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hizo mbili unaweza kufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. D tu zinatosha."

Alisema "D tu" kama watu wa kwetu milimani wanavyomwelekeza mgeni njia. "Ni hapo tu," wanasema, wanainua kidevu kidogo kuelekea ng'ambo, nawe utapanda na kushuka mpaka viatu viombe talaka.

Nyumbani nilimkuta mama mkubwa jikoni anachochea kuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekuchukua?"

"Wamesema sina sifa."

Ningesema "nimekosa masomo mawili," haya ninayosimulia yasingetokea. Lakini nilisema sina sifa, na mama mkubwa aliacha kuchochea.

"Nani kasema?"

"Msajili wa chuo."

"Anakujua?"

"Hanijui."

"Sasa mtu asiyekujua anajuaje kama huna sifa?"

Nikaeleza habari ya Kemia na Fizikia. Nikaeleza mtihani. Alisikiliza, akaitikia "ehee" mahali pote panapostahili kuitikiwa, nikaamini ameelewa. Kesho yake ndiyo nikalikuta begi limejaa maharage. Nilipomwambia kwamba nahamia mjini kwenda kusoma, kwa hiyo begi nitalihitaji, alisema nichukue kiroba. Begi litamiminwa siku nitakayopata sifa, si kabla.

"Na ukitaka kwenda Gairo," aliongeza, "utakwenda na nguo kwenye mfuko wa rambo, watu wakuone."

Kidonda kilikuwa kimeshafunga, limebaki kovu linalong'aa kama sarafu. Nikashuka mjini na kiroba changu. Nikapanga chumba kimoja, nikawa ninauza karoti na mchicha sokoni asubuhi, mboga zinazoshushwa kutoka milimani, na jioni naingia tuisheni ya wale wanaorudia mitihani. Wenyewe wanajiita warisiti. Wote walikuwa watoto wa miaka kumi na tisa, ishirini, wavulana wenye mitindo ya nywele inayoonekana kama imekatwa kwa hasira, na wasichana wanaocheka bila kuinua macho kwenye simu. Siku ya kwanza nilipoingia darasa zima lilisimama. Walidhani ni mwalimu mpya. Nilipokwenda kukaa dawati la nyuma, mmoja akasema, "Oya, bi mkubwa karisiti!" na darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Shida ilikuwa mwalimu. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye adabu zote za kwao, na hakuweza kumkaripia mtu wa umri wa mama yake bila kumwamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kazi ya nyumbani hujaleta."

Darasa linakufa kwa kicheko. Alijaribu kuacha shikamoo, akashindwa. Ikawa ndiyo desturi ya darasa: wakisikia mwalimu ananiamkia, wote wananigeukia kwa furaha, maana wanajua nimekosea kitu. Fizikia yenyewe inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nashindwa mara mbili, kwanza kuelewa swali, halafu kuelewa jibu. Kemia ilinionea huruma kidogo, ilikuwa na mambo ya chumvi na sabuni na majivu, vitu ninavyovijua. Lakini Fizikia! Kulikuwa na Mgiriki mmoja aliyeingia kwenye beseni la maji, maji yakamwagika, akapiga kelele mtaani, na kwa ajili yake mimi nilipaswa kukokotoa.

"Mama, tulia," msichana aliyekaa karibu yangu alikuwa akininong'oneza. "Fizikia ni kama mwanaume muongo. Usimsikilize anachosema, angalia namba."

Kila Jumapili mama mkubwa alinipigia simu baada ya misa.

"Sifa zimefika wapi?"

"Bado, mama. Ni ngumu."

"Mh," anasema. "Ngoja."

Sikumuuliza ningoje nini. Ingenipasa kumuuliza.

Siku moja nikiwa sokoni nafunga mafungu ya mchicha, simu ikaita, namba ngeni.

"Dada, mimi msajili, ofisi ya udahili," sauti ilisema taratibu. "Kuna bibi hapa ana mkungu wa ndizi. Anasema ameleta sifa zako."

Nilimwachia jirani mchicha, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namwomba dereva aende polepole. Nilimkuta mama mkubwa amekalishwa kwenye kiti cha msajili mwenyewe. Rozari shingoni, kitenge cha Pasaka, mkungu wa ndizi umelala juu ya mafaili. Msajili alikuwa amesimama pembeni ya meza yake kama mwombaji kazi. Kwenye mabenchi ya ukutani walijaa vijana walioleta maombi yao, na hakuna aliyekuwa anaangalia simu. Wote walikuwa wanamsikiliza mama mkubwa.

"Huyu mtoto ana sifa," alikuwa anasema. "Ya kwanza, hana kinyaa. Mguu wangu ulinuka mpaka mbwa akahama mlangoni, akaenda kulala kwa jirani. Yeye anauosha asubuhi, ananawa, halafu anakunywa chai. Nyie mnaweza?"

Vijana wakatikisa vichwa. Hawawezi.

"Ya pili." Akafikiri. Akaangalia dari. "Nimeshasema hana kinyaa?"

"Umeshasema, bibi," msajili alisema.

"Basi. Kasoro anazo, sikufichi. Hakai mahali. Ugali wake mgumu, unaweza kufukuzia nyani shambani. Lakini leo nimekuja kwa sifa. Kasoro nitaleta siku nyingine."

Benchi zima lilikuwa limejikunja kwa kucheka. Mimi nilikuwa mlangoni natafuta sakafu ifunguke. Msajili aliniona, akanipa uso wa mtu aliyekatwa pumzi na kicheko asichoruhusiwa kukitoa.

"Bibi," alimwambia kwa upole, "sifa ninazozitaka mimi ni za masomo. Ni ufaulu wa Kemia na Fizikia."

"Kufaulu ndiyo sifa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nilijua mtu anasifiwa na watu wanaomjua." Akamtazama vizuri, kuanzia miwani mpaka viatu. "Hivi wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, bibi."

Mama mkubwa akapiga makofi. Uso ulimchanua wote.

"Ndiyo maana! Mtani wangu wewe! Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani wanakwenda pwani, midomo imekauka, tukawapa maji ya kunywa. Leo umepewa kiti unatunyima sifa?"

Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ile, na mtani husema lolote na hakasirikiwi. Msajili akavua miwani. Nikaona mtu mwingine kabisa akitoka chini ya yule wa ofisini.

"Mliwapa?" alisema. "Mliwauzia! Babu alituambia. Waluguru waliwauzia maji ya mto wa Mungu, halafu wakawadai na kibuyu."

"Kibuyu walikiiba!"

"Na hizi ndizi ni za kunilipa kibuyu au ni rushwa?"

"Rushwa?" Mama mkubwa aliangalia mkungu, akamwangalia yeye. "Kwa uso huo nikuhonge mkungu mzima? Chane moja ingekutosha."

Vijana wa mabenchi walikuwa wanafuta machozi. Msajili alikataa ndizi, akasema hata kwa mtani haruhusiwi, labda tuwagawie wanaosubiri. Mama mkubwa akagawa. Ofisi ikanukia ndizi mbivu, maganda yakajaa kwenye ndoo ya kutupia karatasi. Kisha msajili akarudisha miwani puani, akanigeukia mimi, akaongea kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Sifa za mdomo nimezipokea kwa mtani wangu. Zimebaki za cheti. Ukileta D ya Kemia na D ya Fizikia, nafasi ikiwepo, jina lako nitaliandika mwenyewe. Usipoleta, hata mtani aje na shamba zima na migomba yake, sitakuandika."

"Ataleta," alisema mama mkubwa. "Asipoleta, nitakuja mwenyewe hapa unicheke."

Tulipotoka nje aliniambia, huku anajifunga kitenge vizuri, "Nimeshakusafishia njia. Usiniaibishe kwa mtani." Hakuona kama amefanya kitu cha ajabu. Mimi nilijua amefanya nini. Kabla ya siku ile, kama ningefeli, ningefeli peke yangu, nikapanda basi, watu wa Gairo wasingeuliza hata swali moja. Sasa nikifeli, mwanamke mwenye kovu la mguu atashuka kutoka Matombo kwenda kuchekwa na Mnyamwezi, na atakwenda kweli, kwa sababu alishatoa neno.

Mtihani ulipokaribia, mwalimu alitupa jaribio la Fizikia. Akagawa karatasi, akafika kwangu, akasimama. Darasa zima likageuka.

"Shikamoo mama," alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Marahaba. Sema tu."

"Kumi na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya mia, mama."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonivunja. Wakati wananicheka nilikuwa mwenzao, na waliponyamaza nikajiona nilivyo, mtu mzima amekaa dawati la watoto, magoti yamegusa ubao. Na shetani naye hakosi namba za watu. Jioni hiyohiyo akanipigia rafiki yangu wa Gairo. Amefungua mgahawa, anataka mpishi, nije haraka. Nikiwa naongea naye nilisikia nyuma yake upepo wa kule, ule unaovuma kwenye mabati, na moyo wangu ukapakia mizigo kabla yangu.

Kesho yake nikapanda Matombo kuchukua begi. Ningeweza kwenda na kiroba. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikwenda na kiroba.

Mama mkubwa alikuwa kizingitini anamenya mihogo. Aliniona nikipanda kilima, akanisubiri nihemee, nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Karibu msafiri."

"Nimefuata begi."

"Liko palepale."

Nikaingia ndani. Nikalishika mpini, nikavuta. Halikusogea. Nikalikumbatia, nikalinyanyua kidogo, likanirudisha chini nalo.

"Mimina," alisema kutoka nje. "Mimina hapo chini, uende."

Sakafu ya chumba chake ni ya udongo, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, kuna unyevu kote. Mbegu ikimwagwa pale imekwisha. Alijua. Na alijua kwamba najua. Nikakaa juu ya begi.

Alikuja na bakuli la mihogo, akakaa kitandani, akaendelea kumenya kama vile mimi sikuwepo. Halafu akasema, "Hebu nisomee huo mtihani wao. Wanauliza nini?"

"Mambo hayaeleweki, mama."

"Moja tu."

Nikatafuta lililo rahisi. Nikamwambia kuna kitu kinaitwa inesha. Kwamba kitu kilicho kwenye mwendo hupenda kuendelea na mwendo huohuo. Hakisimami chenyewe, mpaka kizuiwe na nguvu kutoka nje.

Kisu kikasimama.

"Hata wazungu wanakujua?"

Nilicheka mpaka nikateleza kwenye begi.

"Na hiyo nguvu kutoka nje," aliuliza, "jina lake wameliandika?"

"Hawajaandika."

"Waandike la kwangu. Haya, na kikiwa kimesimama?"

"Kikiwa kimesimama, hupenda kubaki kimesimama."

"Ehee." Akanirushia muhogo. "Basi kaa hapohapo umenye."

Nilimenya. Tukala mihogo na nazi. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze tuisheni nilikuwa nimeeleza jambo la Fizikia mtu akalielewa, nikagundua kwamba na mimi nalielewa. Akataka lingine. Nikamweleza habari ya momenti, ya mizigo inayoning'inia pande mbili za mti mmoja. Akasema huo ni mzegamzega tu, babu yangu alibeba ndizi namna hiyo mpaka mjini, upande wenye mkungu mdogo anausogeza mbali na bega. Nikasema ndiyo. Akasema kama ndiyo, huyo mwalimu anatuchosha kwa nini? Nikamtetea mwalimu, maana kijana wa watu ana adabu. Asubuhi nikateremka mjini mikono mitupu. Rafiki yangu wa Gairo nilimwambia begi limeharibika zipu.

Mtihani tuliufanya. Sitasema mengi, mtu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani akiwa na miwani ya kusomea na msimamizi mdogo kuliko mwanaye anajua, na asiyewahi nisimwogopeshe. Lilikuja swali la momenti. Nilichora mchoro wao, mstari na mishale, halafu mkono ukaniponyoka, upande mmoja nikachora ndizi. Nikafuta, lakini haikufutika vizuri. Huko iliko karatasi hiyo kuna kivuli cha mkungu.

Matokeo yalipotoka, warisiti walikuja sokoni kunitafuta, maana walijua simu yangu ni ya kupigia tu. Wakaizunguka meza ya karoti. Msichana jirani yangu wa dawati ndiye aliyefungua. Alivuta pumzi, akaanza kusoma kimya, akili yake yote imehamia machoni.

Kijana mmoja hakuweza kuvumilia, akatania kwa sauti ya mwalimu: "Shikamoo mama..."

Moyo ukanidondoka mpaka kwenye mchicha.

"Kemia D," alisema yule msichana. "Fizikia D. Mama, D! Umetisha!"

Walinibeba. Naapa, walijaribu kuninyanyua, wakanishusha upesi walipoona uzito. Wateja wakauliza kuna nini, wakaambiwa huyu mama kapata D mbili, na mteja mmoja mzee akasema pole sana, mama, jaribu tena mwakani.

Msajili alikitazama cheti kipya muda mrefu kuliko kilivyostahili. Nadhani alikuwa anatafuta kasoro ya kumpelekea mtani wake. Hakuipata. Dirisha la udahili lilipofunguliwa, aliliandika jina langu kama alivyoahidi.

"Sasa una sifa," alisema. "Msalimie mtani. Mwambie kibuyu bado namdai."

Mama mkubwa aliponisikia hakushangaa hata kidogo.

"D ni nini?"

"Ni alama, mama. Ya nne."

"Kati ya ngapi?"

"Tano."

Akaona si mbaya, kuna mtu nyuma. Hata hivyo sifa za mwisho alijipa mwenyewe, na mpaka kesho majirani zake wanaelezwa kwamba chuo kilinikataa, akaenda yeye akanisemea, wakanichukua. Nilijaribu kusahihisha mara moja. "Kwani nilikwenda sikwenda?" aliniuliza. Alikwenda.

Siku ya kuondoka alitandika turubai uani, juani, akaburuta begi mpaka nje, akalipindua. Maharage yaliyokuwa yamebaki baada ya msimu wa kupanda yakamwagika kwa sauti ya mvua ya kwanza kwenye bati. Akapiga makalio ya begi, akakung'uta mifuko, akaingiza kidole kwenye kile kimfuko cha mswaki akatoa punje tatu zilizogoma. Kisha akalifuta ndani kwa kanga yake kuukuu, akakaa pembeni kunitazama nikikunja nguo. Nilikuwa nimepakia begi hilo mara nyingi katika maisha yangu, lakini sikuwahi kupakia huku mtu amekaa karibu, wala sikuwahi kuchukua muda mrefu namna ile.

Alinisindikiza mpaka barabarani, begi kalibeba yeye. Nilimwambia mguu wake, akasema mguu ni wake. Gari lilipokuja alilikabidhi begi kwa utingo, akamwambia ndani mna nesi asilitupetupe. Nikapanda, nikakaa dirishani. Akagonga kioo, nikafungua.

"Ukifika huko," alisema, mkono juu ya kioo, macho yanacheka na yanalia, "punguza sifa."

Gari likaondoka. Na mimi, niliyezoea kutazama mbele, niligeuka nikamtazama mpaka kona.